Huku Kuna Watu

Masomo: Luka 15:3-7, Mathayo 25:14-30, Matendo 8:26-40



Wengi mmeniuliza mbona sikuonekana hapa tarehe 12 Desemba, Sikukuu ya Jamhuri, wakati vijana walikuwa na nyama yao hapo nje ya kanisa. Nilikuwa Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, kando ya Ziwa Turkana. Na kwa vile haya ni maandishi ya kanisa, wacha niseme ukweli: sikwenda kusherehekea. Nilienda kufunga hesabu.

Mnajua tumekuwa tukimsaidia mwinjilisti mmoja kule kwa miaka kadhaa. Mimi ndiye hushika vitabu vya misheni, na nilisomea biashara kabla ya kuitwa katika huduma. Mwezi wa kumi niliwaandikia wazee ripoti ya kurasa mbili. Nilionyesha kwamba pesa tunayotumia kwa mshirika mmoja kule ni mara kadhaa ya ile tunayotumia hapa. Mafuta ni ghali, gari huharibika, chakula ni bei ya juu. Nikapendekeza tukifunge kituo kile, na pesa ziende kwa mtaa mpya ulio karibu nasi, ambako watu ni wengi na matatu hufika mlangoni. Wazee wakasoma, wakanyamaza, kisha mmoja akasema, "Pasta, enda kwanza ukaone."

Basi nikaenda. Lami ilitufikisha Laisamis. Kutoka hapo ni zaidi ya kilomita 200 za changarawe, mawe na vumbi. Kabla ya kufika mjini tulipita mitambo ya upepo, 365 kwa jumla, yenye uwezo wa megawati 310. Nyaya zake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa ndipo stima iingie kwenye gridi ya taifa. Usiku tulipopita karibu na manyata za pale, mwanga niliouona ulikuwa wa moto wa kupikia.

Asubuhi ya sikukuu tukaenda uwanjani. Tenti moja, viti vya plastiki, spika ya jenereta, na upepo wa Mlima Kulal ambao hauulizi mtu. Watoto wa shule walikuwa wamepangwa kwenye jua. Walikuwapo Waturkana, Wasamburu, Warendille na Waelmolo, kila watu na shanga zao. Mgeni wa heshima alichelewa sana. Hakuna aliyeondoka. Alipofika, alisoma hotuba ya Rais huku ameshika karatasi kwa mikono miwili zisipeperuke, na nusu ya maneno yalichukuliwa na upepo. Bado watu walipiga makofi.

Nilikuwa nimeketi karibu na mama mmoja anayeuza samaki wakavu. Nikamuuliza, "Mama, umeacha biashara yako tangu asubuhi. Ni nini hasa unasherehekea?" Sikuuliza kwa ubaya, lakini nadhani alisikia kile kilichokuwa ndani ya swali. Akanijibu, "Pasta, sisi huja kila mwaka. Tusipokuja, watasema huku hakuna watu."

Wapendwa, nilihisi kama amesoma ripoti yangu. Maana maneno yangu kwa wazee yalikuwa haya: "Idadi ya watu haitoshi kuendeleza kituo." Kwa lugha ya ofisi ni sentensi safi. Kwa lugha ya mama yule ni: huku hakuna watu.

Swali langu wiki hii basi ni hili: je, ni makosa kupeleka rasilimali mahali zinapozaa zaidi?

Tusilijibu haraka. Nchi yetu ililiuliza mapema. Mwaka wa 1965 serikali ilitoa Waraka wa Kikao Nambari 10, uliosema kwamba pesa za maendeleo zipelekwe palipo na ardhi nzuri, mvua, barabara na watu walio tayari, ili ziongeze mapato ya taifa, na matunda yake yasaidie kwingine baadaye. Nikiwa chuoni ningeupa alama nzuri. Nchi ilikuwa changa na mfuko ulikuwa mdogo. Lakini angalia jinsi hesabu ile inavyojizunguka. Pahali pasipo na barabara hapaleti faida, kwa hiyo hapapewi barabara, kwa hiyo mwaka ujao tena hapaleti faida. Ile "baadaye" ikakawia mpaka watu wa kaskazini wakazoea kusema, wakisafiri kuja Nairobi, kwamba wanaenda Kenya. Miaka 45 baada ya waraka ule, Katiba ya 2010, kifungu cha 204, ikaanzisha Hazina ya Usawazishaji: nusu asilimia ya mapato ya serikali ya kitaifa kila mwaka, yaani senti 50 kwa kila shilingi mia, kwa maji, barabara, afya na stima katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Kwa maoni yangu, hapo taifa lilikiri kwamba hesabu ya kwanza iliacha watu nje.

Sasa mtu ataniambia, "Pasta, na mfano wa talanta? Si yule asiyezalisha alinyang'anywa?" Nami niliutumia mfano huo huo katika ripoti yangu. Lakini nimeusoma tena. Katika Mathayo 25, anayepimwa ni mtumwa, na kinachozalishwa ni fedha. Talanta zile si watu. Yesu alipotaka kuhesabu watu, alitumia mfano mwingine, wa kondoo mia na mmoja aliyepotea, na mle hesabu ya faida haifanyi kazi kabisa. Kosa langu halikuwa kupiga hesabu. Lilikuwa kuchukua mfano wa fedha na kuwapimia kondoo.

Mwangalie pia Filipo. Samaria kulikuwa na uamsho, umati, furaha mjini. Kisha malaika akamtuma kwenye barabara ya jangwani kwa ajili ya msafiri mmoja ndani ya gari. Ningekuwa kwenye kamati ya Filipo, ningepinga.

Lakini tusidanganyane kwamba jambo hili ni rahisi. Tukimfuata mmoja, wale tisini na tisa wanalipa. Luka anasema waliachwa nyikani. Tukiendelea na Loiyangalani, ule mtaa mpya utangoja, na kule pia kuna roho zinazohitaji Neno. Kazi ya sakafu ya darasa la watoto itachelewa. Sina njia ya kuifanya gharama hii ipotee, na sitaki mtu ainue mkono kwa sababu ya hisia tu. Pia mwinjilisti wetu ataendelea kuleta risiti kama kawaida. Upendo hautuondolei uwakili.

Ninachosema ni hiki: kwanza tukubali kwamba kuna watu, kisha tuulize bei. Mimi nilianza na bei.

Jambo la mwisho. Kabla ya hotuba tulisimama kwa wimbo wa taifa. Je, mnajua sauti ya wimbo huo ilitoka wapi? Ilitokana na wimbo ambao akina mama wa Kipokomo, kule Mto Tana, huwabembelezea watoto. Mwaka wa 1963, taifa lilipohitaji wimbo wa kusimamia, lilienda kuuchukua mbali na mji mkuu. Na leo stima ya upepo inatoka mbali vilevile. Nilikuwa nimeandika kwamba kule hakuna mapato. Kumbe nilikuwa naangalia ukurasa mmoja wa kitabu.

Nimeiondoa ripoti yangu mbele ya wazee na nimewaomba msamaha. Bajeti ya misheni itakuja kwenu mwezi wa Januari, nanyi ndio mtaamua. Mkiona kituo kifungwe, nitatii, lakini nitaomba tusiandike kwamba idadi haitoshi. Tuandike ukweli, kwamba tulikuwa na watu kule na tukachagua wengine.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani:
1. Ni nani katika familia yako au mtaani kwako ambaye umeacha kumtembelea kwa sababu "hakuna faida"?
2. Kama mmoja akifuatwa, wewe uliye kati ya tisini na tisa uko tayari kukosa nini?

Tuombe: Bwana, tufundishe kuhesabu kama wewe unavyohesabu. Utusamehe pale tulipoandika watu kama gharama. Walinde walio mbali, na utupe moyo wa kuwafikia. Katika jina la Yesu, Amina.