Vazi la Karamuni

Yakobo 2:1-4, 1 Wakorintho 11:20-22

Mpunga ukiisha kuvunwa katika mashamba ya Dakawa yanyweshwayo maji ya mto Wami, ndipo arusi huanza. Jamaa hupanda basi pamoja kwenda Morogoro au Dar es Salaam, na wengine huvuka bahari kwa meli mpaka Unguja. Nasi twalijua swali litangulialo safari: jioni karamuni tutavaa nini? Je, sote tushone sare ya kitambaa kimoja, au kila mtu avae alicho nacho?

Swali hili si dogo. Tumeona gunia la mpunga, chakula cha watoto, likiuzwa ili inunuliwe nguo ya usiku mmoja. Tena tumeona shangazi wa bibi arusi, aliyemlea tangu utoto, akibaki nyumbani kwa kukosa fedha ya sare. Alisema ana homa. Lakini homa yake ilikuwa haya.

Hatusemi kwamba vazi jema ni dhambi. Mwenye karamu anastahili heshima, naye ajaye na nguo chafu, hali anayo safi, humdharau. Lakini tutazame mwanzo. Adamu na Hawa walipotahayari, Mungu mwenyewe aliwafanyia mavazi ya ngozi, akawavika (Mwanzo 3:21). Basi vazi lilitolewa kusitiri aibu. Sare imwaibishayo maskini imegeuka kinyume cha kazi yake. Ndiyo maana Paulo aliwakemea Wakorintho: walikusanyika kula pamoja, na wasio na kitu wakatahayarishwa mezani.

Basi jamaa waketipo kufanya shauri, waulize kwanza: Ni nani kati yetu asiyeweza? Wachague lile aliwezalo huyo, kama kanga safi, au shati lililofuliwa na kupigwa pasi. Wakitaka sare, mwenye kitu amnunulie asiye nacho, tena kwa siri. Nanyi waalimu wa mitaa, lisemeni neno hili katika mafundisho ya arusi, kabla fundi cherehani hajachukua vipimo.

Maana katika karamu ya Mwana-Kondoo sote twatumaini kuketi tumevikwa vazi la haki, wala hapana hata mmoja wetu aliyelilipia. Amina.