Kuzuru na Kutazama

Msomaji wangu, je, mtu aliyekaa muda wa saa tatu katika mji aweza kusema kuwa ameuona? Mimi nilisema hivyo juu ya Lamu, na nilikuwa nikisema uongo bila kujua.

Mara ya kwanza nilivuka kwa mashua kutoka Mokowe pamoja na wanafunzi wangu, daftari mkononi. Tuliitazama ngome iliyokamilika mwaka 1821, tukaandika kuwa ilikuwa gereza mpaka 1984, tukarudi gatini kabla ya adhuhuri. Punda wa vichochoroni walikwenda polepole kuliko sisi, na yamkini walijua zaidi.

Mara ya pili nilikwenda peke yangu, nikakaa siku sita. Siku ya tatu mzee mmoja aliyeketi katika daka la nyumba yake aliitikia salamu yangu, kisha akauliza, "Mwanangu, umekuja kututazama au kutuzuru?" Sikuwa na jibu. Akanisogezea nafasi juu ya baraza la mawe.

Hapo nilianza kufahamu zilivyojengwa nyumba za kale za mji ule. Mgeni hupokewa kwanza dakani, nje ya mlango. Akikaribishwa hupita tekani, iliyopindwa makusudi ili jicho la mpita njia lisifike kiwandani, yaani katika ua ulio wazi kwa mbingu. Baada ya ua huja misana, na nyuma yake ndani, mahali ambapo wageni wengi hawafiki kamwe. Waashi wale walijenga adabu kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko.

Basi usidhani kwamba mwenye subira hulipwa kwa kuonyeshwa kila kitu. Mimi sikupita daka. Lakini mzee alipata wasaa wa kunipima, haki ambayo mgeni wa haraka humnyima mwenyeji wake. Nilipozisifu kuta, alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nilijua ni mikono ya nani iliyobeba mawe yale. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907, na mengi ya majumba hayo ni ya kale zaidi. Neno hilo halikuwamo katika daftari zetu.

Niliporudi niliwaambia wanafunzi kwamba tulikosa adabu, na kwamba mwalimu wao ndiye aliyewaongoza katika kosa. Mmoja akauliza, tukienda tena tutakaa siku ngapi? Hatujakubaliana bado.