Hofu ya Kununua

Mtu anayetoa fedha zake ili atishwe ana akili timamu? Nakuomba, msomaji, usicheke upesi, maana yamkini wewe mwenyewe umo katika kundi lake.

Waingereza waliijua vizuri biashara hii. Kampuni ya Hammer ilitoa filamu ya Frankenstein mwaka 1957 na ya Dracula mwaka 1958, na zote mbili Christopher Lee alikuwa zimwi. Damu, ambayo katika filamu za kale ilikuwa nyeusi kama wino, sasa ilionekana nyekundu. Wala hila haikukosekana. Tangu mwaka 1951 herufi X ilikuwa alama ya filamu iliyokatazwa kwa watoto. Mwaka 1955 Hammer waliitwaa alama hiyo ya katazo wakaitia katika jina la filamu yao, The Quatermass Xperiment, nalo katazo likageuka tangazo! Huko Marekani William Castle alizidi: mwaka 1958 watazamaji wa filamu yake Macabre walikatiwa bima ya dola 1,000, kila mmoja, iwapo angekufa kwa hofu.

Utasema huo ni udanganyifu. Lakini mwenye filamu hakutazamia maiti, na mwenye tikiti hakuacha wasia nyumbani. Walioujua mchezo ni wote wawili.

Sasa linganisha na hofu nyingine, iliyokuwa karibu nasi zaidi. Zamani za ukoloni, katika Pumwani, mojawapo ya mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ilinenwa kwamba wazimamoto huwakamata watu usiku na kuwatoa damu. Pwani wanyonyaji hao waliitwa mumiani. Mwanahistoria Luise White aliyakusanya masimulizi hayo, akayatoa katika kitabu mwaka 2000. Wengi huyaita upuuzi, nami siafikiani nao. Mji ule ulikuwa mji wa kipande. Mwafrika mwanamume asiyekichukua alikamatwa, na polisi waliweza kugonga mlango saa yoyote. Aliyesimulia habari za gari linalobeba watu gizani hakuwa mbali sana na aliyoyaona mchana. Hata hivyo hofu ile ilikuwa na madhara, kwani mtu asiye na kosa aliweza kushukiwa kwa sababu ya sare yake tu. Tena haikuwa na saa ya kwisha, wala taa za kuwashwa mwishoni.

Kwa hiyo simlaumu mpenzi wa filamu za kutisha. Amekwenda mahali ambapo hofu ina mlango, na kuuona mlango huo ni nusu ya raha yake. Katika vibanda vya video vya Eastlands hata mlango wa pili umefunguliwa: wasimulizi kama DJ Afro huitia filamu ya kigeni maneno ya Kiswahili na mzaha, na palipopasa kilio pakawa kicheko.

Ninayemwuliza ni mwenye kibanda. Mtoto wa miaka saba aliyeketi mbele, kwa kuwa mlangoni aliulizwa shilingi wala hakuulizwa umri, hakupatana na mtu mchezo wowote. Kwake yeye Dracula yuko. Wakubwa watarudi nyumbani wakicheka na kulala. Yeye, akibanwa na haja usiku, choo kiko nje, ng'ambo ya uwanja usio na taa.