Kusahau kwa Kukosa Mashine

Mama alinipigia Jumapili jioni, baada ya mkutano wa familia. "Ile CD ya mazishi ya baba yako, unaweza kuniwekea kwa simu?"

Ni DVD, lakini kwetu kila kitu cha duara kinachong'aa ni CD. Ilikaa kwa kabati tangu 2010, na tangu deki iharibike hakuna aliyeitazama tena. Laptopu yangu, kama nyingi za siku hizi, haina pahali pa kuingiza diski. Ila chini ya kitanda nilikuwa na kompyuta ya mezani iliyokufa kitambo, na ndani yake draivu ya DVD iliyokuwa bado nzima.

Nikaichomoa. Nyuma ina milango miwili: mwembamba wa data wenye pini 7, na mpana wa umeme wenye pini 15. Nikashuka Luthuli Avenue, nikanunua adapta ya bei ya chini ya kuunganisha SATA na USB. Nikachomeka. Kimya. Hata trei haikufunguka.

Kumbe ile adapta ilikuwa ya diski ndogo za laptopu, zinazotosheka na volti 5 za USB. Draivu ya kompyuta ya mezani inataka volti 5 za saketi zake, na volti 12 za mota inayozungusha diski. Nikarudi, nikaongeza pesa, nikapata adapta yenye umeme wake wa ukutani. Mara hii ikanguruma.

Nikatazama mazishi ya babangu peke yangu, usiku. Karibu na mwisho, Baba Mdogo anashika maikrofoni huku akilia. Anatuita mimi na dada yangu, anatusimamisha kando ya jeneza. "Hawa ni watoto wangu. Masomo yao ni juu yangu, mpaka chuo kikuu." Watu wanaitikia Amina.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo. Ahadi hiyo sikuwa naikumbuka hata kidogo. Nilikuwa na miaka kumi.

Na ule mkutano wa familia? Ulikuwa wa kuchanga bili ya hospitali. Mgonjwa ni Baba Mdogo.

Nitasema ukweli: nilikata zile sekunde ishirini, nikafungua kikundi cha familia cha WhatsApp, kidole kikabaki hewani. Ahadi ni deni, si ndivyo tunavyosema? Basi kila mtu aone mdaiwa ni nani kabla hajatoa mchango.

Kilichonizuia si huruma. Ni swali. Miaka hii yote tumekuwa tukisalimiana vizuri, tukila Krismasi pamoja. Je, tulikuwa tumemsamehe? Mimi sikuwa nimesamehe. Nilikuwa nimekosa deki tu. Anayesamehe lazima ajue anaachilia nini. Asiyejua deni hana cha kuachilia. Kwa hivyo ile amani yangu haikuwa wema, na sikuwa na haki ya kujivunia.

Lakini hata diski ina upungufu wake. Inaonyesha alichosema siku moja. Haionyeshi alivyofutwa kazi baadaye, wala ile karo ya kidato cha kwanza aliyoilipa kwa kuuza ng'ombe. Alichosema ni kweli, ila si ukweli wote. Tena, kumdai mtu mbele ya ukoo mzima akiwa na mpira wa oksijeni puani si kutafuta haki. Mtu huyo hawezi kujibu.

Jumamosi nikampelekea Mama. Nilimwonyesha ile sehemu, nikamtazama uso. Hakushtuka.

"Mimi nilikuwa pale," akasema. "Sihitaji CD kunikumbusha."

"Sasa uliitaka ya nini?"

Akanyamaza kidogo. "Nilitaka kumwona akilia. Nimemkasirikia mpaka nimesahau kwamba alimpenda baba yako. Siku ile alikuwa anamaanisha, mwanangu. Kumaanisha ni kitu kimoja, kuwa na nguvu ni kingine."

Nikafikiria ile adapta ya kwanza. Waya wa data ulikuwa sawa kabisa. Kilichokosekana ni volti 12.

Sisemi kwamba hilo linafuta deni. Wale wanaotuambia tusahau ya kale mara nyingi ndio wanaodaiwa. Mama hakusahau hata siku moja, na bado alichanga. Huko ndiko kusamehe, na kuna gharama ambayo mimi sijawahi kulipa.

Klipu nimeifuta. Video nzima nimeihifadhi pahali pawili, maana diski hizi za kuchoma huharibika na miaka. Nilituma mchango wangu, mdogo tu. Baba Mdogo akipona, nitaenda kwake tuitazame pamoja, mwanzo hadi mwisho, kisha nimuulize. Sebuleni kwake, pahali ambapo anaweza kunijibu.