Mashine Inasema, Yakingeni Maneno Yake

Ndugu zangu wa Kiirua, ninawaandikia nyinyi mnaoamka kabla ya jogoo kupeleka maziwa. Ninawaandikia wenye posho mili, wazee wa kamati za maji, na vijana mnaosomea ufundi hapa hapa kwetu, mnaorudi nyumbani jioni na grisi chini ya kucha. Nina neno moja tu. Mashine zenu zinasema usiku na mchana, na maneno yao yanamwagika bure. Yakingeni!

Niliwahi kusimama katika kituo kimoja cha kukusanya maziwa, asubuhi ya baridi ile inayoshuka kutoka mlimani, siku lilipochimbwa shimo la kumwaga maziwa ya usiku mzima. Kompresa ya tangi la kupozea ilikuwa imekufa. Maziwa yaliyotakiwa kukaa kwenye nyuzi 4 yalikuwa yameganda. Mama mmoja aliketi juu ya mtungi wake mtupu. Hakulia, alitazama tu. Fundi wa kampuni alipofika, akafungua kompyuta ndogo iliyomo ndani ya mashine, alituambia kwamba kwa siku kadhaa kompresa ilikuwa ikivuta umeme kupita kawaida. Tarakimu zote zilikuwamo, zimepangwa kwa saa na dakika. Ila mlango wa kuzisomea ulikuwa na kufuli la muuzaji, na ufunguo wake ni malipo ya kila mwaka. Nisikilizeni vizuri. Umeme tulilipa sisi, tangi tulinunua sisi, hasara tuliibeba sisi, na habari za ugonjwa wake zilikuwa mali ya mtu mwingine!

Mnaijua habari ya yule mtumwa aliyechimba shimo akafukia talanta ya bwana wake. Sisi tumefukia zaidi ya talanta. Kipimo kimoja kwa kila sekunde ni vipimo 86,400 kwa siku, na zaidi ya milioni 31 kwa mwaka, kutoka kwa mota moja tu. Na vyote hivyo vikiandikwa pamoja na saa zake, vinaenea kwenye flashi ya mfukoni na nafasi inabaki. Basi tusisingizie ukosefu wa ghala.

Wala msiniambie kwamba haya ni ya wenye viwanda vikubwa. Vukeni mto Tana mwende Kyuso, Kitui. Huko watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia ndani ya mikono ya pampu za maji kifaa kidogo kinachohisi mkono ukipanda na kushuka, kikatuma hesabu kwa ujumbe wa simu. Mkono ukinyamaza, fundi anajua. Katika jaribio hilo la 2013, pampu iliyokuwa ikikaa imeharibika kwa wastani wa siku 27 ilianza kutengenezwa kabla ya siku 3 kuisha. Pampu ya mkono, jamani! Haina hata waya wa umeme. Mwanamke aliyekuwa akitembea karibu mwezi mzima kutafuta maji kwingine alirudishiwa siku zake kwa sababu mtu aliandika mwendo wa chuma.

Sasa tazameni Tana yenyewe, pale chini upande wa Embu. Maji hukusanywa Masinga, bwawa lililoanza kazi 1981. Yanashuka Kamburu, yanashuka Gitaru, yanashuka Kindaruma, lililotangulia yote mwaka 1968, kisha yanaingia Kiambere. Maji ni yale yale, na kila kituo kinayatoza umeme bila kuyamaliza. Mkondo wa vipimo ni vivyo hivyo. Joto la tangi linapopita, kituo cha kwanza kinauliza kama limevuka nyuzi 4. Cha pili kinalinganisha umeme wa leo na wa wiki jana saa kama hii. Kingine kinamwamsha fundi kwa simu, na kingine kinaweka akiba ya kusomwa mwakani. Maswali yanaulizwa maji yakiwa njiani. Yakishafika baharini, utauliza nini?

Na mitambo ya kuuliza maswali hayo ipo, imejengwa, na milango yake haina kufuli. Ni programu huria: unaichukua, unaifungua uone ilivyofumwa, unaibadilisha, unamgawia jirani. StreamPipes ilianzia katika taasisi ya utafiti ya FZI, Karlsruhe, Ujerumani, ikaingia chini ya wakfu wa Apache 2019, na 2022 ikawa mradi kamili. Ilikusudiwa mtu anayeijua mashine lakini si mwandishi wa programu, aunganishe vituo vyake kwa kuchora kwenye skrini. IoTDB, ghala la vipimo vya namna hii, ilizaliwa Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing. PLC4X inazungumza na vidhibiti vya mashine vya watengenezaji wengi, kila kimoja kwa lugha yake. Na MQTT, ile njia ya kupitishia vipimo, ilibuniwa 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyo mbali, ambako mawasiliano ni ya setilaiti, ghali na dhaifu. Ujumbe wake ni mwembamba makusudi. Mtandao wenu unapopotea mvua ikinyesha, kumbukeni kwamba kuna chombo kilichoundwa tangu mwanzo kwa ajili ya mtu mwenye shida kama yenu.

Wala sisi si ombaomba katika karamu hii. Programu iitwayo Ushahidi iliandikwa na Wakenya katika uchungu wa vurugu za baada ya uchaguzi, 2008, ikaachwa huria, na 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko. Kabla ya hapo, 2004, mradi wa Kilinux pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi, Jambo OpenOffice, kwa Kiswahili. Tumewahi kutoa, tunaweza kutoa tena.

Siwadanganyi kwamba huria ni bure ya kukaa na kungoja. Inataka mtu wa kuisakinisha, wa kuisasisha, wa kuamka inapogoma. Inataka nywila imara, na inataka muanze kwa kusoma mashine tu, bila kuipa intaneti mkono wa kuiwasha au kuizima. Gharama hiyo ipo. Lakini mkiilipa, inabaki Kiirua, kichwani mwa mtoto wenu.

Wazee wa kamati, hili ni lenu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za mtu. Kompresa si mtu. Kinachoilinda kumbukumbu yake ni karatasi mnayotia sahihi siku ya kununua. Msitie sahihi mpaka imeandikwa kwamba vipimo vyote ni vyenu, kwamba mnaweza kuvisoma bila malipo ya ziada, na kwa lugha ambayo programu nyingine inaielewa. Muuzaji akikataa, mwacheni aende na tangi lake.

Nawe kijana, usingoje kiwanda kije. Wiki hii nenda kwa mama wa posho mili. Mwombe ruhusa ufunge kihisi cha mtikisiko juu ya beringi ya mota yake, usiguse swichi yake. Kompyuta ndogo ya ukubwa wa kadi ya benki inatosha kupokea. Kaa naye siku ya soko. Mwonyeshe mstari wa mtikisiko ukipanda debe la mahindi linapomiminwa, ukishuka linapokwisha. Kisha muulize ni wakati gani yeye husikia sauti imebadilika, maana sikio lake limekaa na mota hiyo miaka mingi kuliko kihisi chako. Atakaponyoosha kidole aseme, “Hapo, umesikia?”, andika saa, na uandike maneno yake kando ya mstari.