Mali ya Serikali Ina Wenyewe



Kuna neno lililozoeleka vinywani mwa watu mpaka halishtui tena, nalo ni kusema kwamba mali ya serikali haina mwenyewe. Sisi twasema neno hili ni batili. Mali ya mtu mmoja ina mwenyewe mmoja. Ukimdhulumu, waweza kumwendea umtake radhi kabla ya mauti. Mali ya umma ina wenyewe maelfu, na miongoni mwao wamo mayatima, vipofu, na watoto ambao hawajazaliwa bado. Ni nani atakayewazungukia wote hao awaombe msamaha?

Mtume wetu (S.A.W.) alimtuma mtu kukusanya zaka. Aliporejea aliyagawa mafungu mawili, akadai la kwanza ni la Waislamu na la pili ni zawadi aliyopewa yeye. Mtume alighadhibika, akapanda mimbari, akauliza: lau mtu huyu angalikaa nyumbani kwa wazazi wake, je, zawadi hizo zingalimfuata? Hapa tuna mafunzo mawili. La kwanza, zawadi ile ilifuata cheo, haikumfuata mtu. La pili, hisabu ilifanywa mbele ya watu wote.

Tutazame sasa mito yetu. Mto Turkwel unaopita hapa Lodwar, na mto Kerio unaomwagika katika Ziwa Turkana, yote miwili imo katika mamlaka ya shirika la serikali lililoundwa kwa sheria mwaka 1979, ndilo Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Kerio. Bwawa la Turkwel lilijengwa kati ya 1986 na 1991. Mkataba wake ulitolewa kwa kampuni ya Kifaransa bila ya zabuni ya ushindani, na tangu mwanzo watu waliuliza kama bei ilikuwa ya haki. Ikaja habari ya mabwawa ya Arror na Kimwarer, juu kwenye vijito vya Kerio. Mikataba yake ilifika zaidi ya shilingi bilioni 60, na mabilioni yakalipwa. Mwaka 2019 bwawa la Kimwarer lilifutwa, na Waziri wa Fedha wa wakati huo na maafisa wengine wakashtakiwa. Desemba 2023 mahakama ikawaachilia, na hakimu akawalaumu waendesha mashtaka kwa namna walivyoiendesha kesi.

Hatumtuhumu mtu. Mahakama iliwaachilia mwaka 2023, na dhana mbaya tumekatazwa. Lakini twauliza: fedha zimelipwa, bwawa halikusimama, na hakuna aliyepatikana na jukumu. Basi mwenye mali arudi kwa nani? Hii ndiyo hasara ya hisabu isiyo wazi: mwizi, akiwapo, hashikwi, na asiye na hatia hasafishiki mbele ya macho ya watu.

Wala tusidanganyike kwamba sheria imekosekana. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 73, yasema kuwa madaraka ya afisa wa dola ni amana ya umma. Mwaka 2015 serikali ilitoa kanuni za uendeshaji wa mashirika yake, ikaziita Mwongozo, na ndani yake mjumbe wa bodi aamrishwa adhihirishe maslahi yake panapokuwa na mgongano. Maneno haya Muislamu hayaoni mageni. Nabii Yusuf (A.S.) alipotaka asimamie ghala za Misri kabla ya miaka ya ukame, alitaja sifa mbili: kuhifadhi na kujua. Mwaminifu asiyejua hisabu ataibiwa. Ajuaye asiye mwaminifu ataiba mwenyewe. Nasi watu wa nchi ya ukame twajua nini hutokea ghala ikiwa tupu. Mwaka 2025 posho za wakimbizi wa Kakuma zilipopunguzwa, kila kibaba kilichopotea njiani kilikuwa ni usiku wa njaa wa mtoto fulani.

Sasa na tujigeukie nafsi zetu. Twawalaumu wakuu wa Nairobi, na kamati za misikiti yetu je? Michango ya kisima, sadaka za Ijumaa, nguo za mayatima: ni wangapi kati yetu waliosomewa hisabu yake mwaka huu? Anayeuliza huambiwa ana fitina. Wallahi, kuuliza si fitina. Fitina ni kumfanya muulizaji aone haya.

Kwa hivyo twawausia mambo matatu. Kamati yoyote, ya msikiti au ya maji, isome mapato na matumizi hadharani kila miezi mitatu, na karatasi ibandikwe mlangoni. Mjumbe asimpe kazi ndugu yake ila amedhihirisha udugu huo, naye amejitoa katika uamuzi. Na mikutano ya serikali ya kupokea maoni ya wananchi juu ya bajeti ikiitishwa, tusikae vibarazani. Twende, tuulize kwa adabu, tungojee jibu.

Tukiyafanya haya katika madogo yetu, ulimi wetu utakuwa na nguvu katika makubwa yao. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutekeleza amana, wala asitufufue tumebeba migongoni mali za watu. Amin.