Daftari na Kauli

Katika vitabu vya biashara vya shule za sekondari halikosekani zoezi la namna hii: mwenye duka amenunua gunia la sukari kwa shilingi 100,000, akaliuza kwa shilingi 120,000, tafuta faida yake. Mwanafunzi hujibu kabla wino haujakauka: shilingi 20,000. Mwalimu hutia alama ya vema na darasa huendelea mbele.

Na wawekwe sasa wenye duka watatu mbele ya zoezi hilo hilo. Wa kwanza ameuza sukari yake kwa kipimo kilichotimia na kwa bei aliyoitangaza. Wa pili amepunja kidogo katika kila kilo, kiasi ambacho mkono wa mnunuzi hauwezi kukihisi. Wa tatu ameifungia sukari ghalani mwezi wa Shaabani, akangoja mwezi wa Ramadhani uandame, ndipo akaitoa wakati hakuna nyumba isiyoihitaji. Kila mmoja amepata shilingi 20,000. Madaftari yao yakiwekwa pamoja mezani, hakuna mkaguzi atakayeyatenganisha. Je, walichokipata watu hawa watatu ni kitu kimoja? Na kama si kimoja, ni nani mwenye wajibu wa kumwambia hivyo mwanafunzi aliyekwisha kupewa alama yake ya vema?

Swali hili si la kuchezea akili. Mtaala mpya wa Tanzania Bara, ulioanza kutumika kidato cha kwanza mwaka 2024, umeiweka elimu ya biashara miongoni mwa masomo ya lazima, ilhali hapo kabla biashara na utunzaji wa vitabu vya hesabu yalikuwa masomo ya kuchagua. Mtaala huo huo umeleta somo jingine la lazima, Historia ya Tanzania na Maadili. Masomo haya mawili hukaa katika ratiba moja kama majirani wasioamkiana. La kwanza hufundishwa kwa Kiingereza, la pili kwa Kiswahili. Mtoto hujifunza faida kwa lugha moja na haya kwa lugha nyingine, na hakuna kipindi kilichopangwa ambamo lugha hizo mbili zitakutana juu ya lile gunia la sukari.

Si mara ya kwanza kwa maadili kukaa nje ya mlango wa biashara. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari za Bara ziligawiwa michepuo ya kilimo, ufundi, sayansikimu na biashara. Kijana wa mchepuo wa biashara alifundishwa ankara, stakabadhi na mizania, naye akitoka nje ya lango alisikia redioni kwamba mfanyabiashara ni mnyonyaji. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa ili nafasi yao ishikwe na maduka ya ushirika. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya walioitwa wahujumu uchumi. Haukupita muda milango ya biashara ikafunguliwa, na yule aliyekuwa mlanguzi akaitwa mjasiriamali. Neno lilibadilika, zoezi la kitabuni halikubadilika. Hapa pana funzo. Maadili yanayoihukumu biashara kwa mbali huwa na kauli mbili tu: ama kuilaani yote, ama kuiachia yote. Hayawezi kumwambia mwenye duka wa pili kwamba ana kosa na wa kwanza kwamba hana, kwa sababu hayakuingia dukani kutazama mizani.

Wapo watakaosema kwamba hesabu ni hesabu. Mbili na mbili ni nne kwa mwizi na kwa walii. Mwalimu wa hisabati haulizwi juu ya dhambi za tarakimu, basi kwa nini mwalimu wa biashara aulizwe? Hoja hii ina uzito, walakini inasahau daftari ni kitu gani. Tarakimu ya hisabati haimsemi mtu. Tarakimu ya daftari ni ushahidi: yasema kwamba siku fulani, fulani alitoa na fulani akapokea. Anayeiandika hutoa shahada juu ya mtu ambaye aghalabu hayupo mbele yake na hawezi kumsahihisha. Ndiyo maana Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani, inazungumzia deni na maandishi yake, na ndani ya agizo la kuandika likawekwa sharti la uadilifu kwa mwandishi na takwa la mashahidi. Ufundi na haki vimefungwa katika aya moja, bila ya kupangiwa vipindi viwili.

Lugha ya Kiswahili nayo haikuvitenga. Wahenga waliosema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari ndio hao hao waliosema kwamba ahadi ni deni. Methali ya kwanza yamfundisha mtu kuandika. Ya pili yachukua neno la daftari na kulitia katika ulimi, ili mtu ajue kwamba anadaiwa hata kile ambacho hakikuandikwa. Na pana msemo wa sokoni ambao mpenzi wa ushairi hawezi kuupita bila kusimama: mali kauli. Mchuuzi asiye na mtaji huchukua bidhaa kwa mwenye duka la jumla, akaenda kuuza, jioni akarejesha fedha. Hakuna rehani, hakuna hati. Lililowekwa dhamana ni neno. Katika maneno hayo mawili mna somo zima la mkopo, na mna swali ambalo kitabu hakiliulizi: neno la mtu lina thamani gani, na likivunjwa, hasara huandikwa katika ukurasa wa nani?

Haifai hata hivyo kuutupia Kiingereza lawama yote. Neno ambalo mwanafunzi hulikariri kuwa upande wa kulia wa hesabu, krediti, latokana na Kilatini, na asili yake ni kuamini. Imani imo humo pia, imefukiwa. Tatizo ni kwamba mwanafunzi hupewa neno likiwa alama tupu: kushoto debiti, kulia krediti, pande mbili zilingane. Zikilingana, amefaulu.

Wala haifai kuyapamba mambo ya kale kana kwamba visiwani neno lilitosha. Biashara ya Zanzibar ya karne ya 19 ilijengwa juu ya mkopo na uaminifu. Tippu Tip alichukua bidhaa kwa mkopo kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, maarufu miongoni mwao akiwa Tharia Topan, akaenda bara akakaa miaka, akarudi na pembe za ndovu akalipa. Kauli kati ya waungwana hao ilishikwa. Lakini misafara ya zama hizo ilibeba pembe juu ya mabega ya watu, na pamoja na pembe walikuja watu waliotiwa bei. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa hadi mwaka 1873. Kabla ya hapo mtu aliweza kuandikwa katika daftari safi kabisa, kwa hati nzuri, pande zote mbili zikalingana, na mwandishi akalala usingizi akijua kwamba hakumdhulumu mwenziwe senti moja. Na kweli hakumdhulumu mwenziwe. Aliyedhulumiwa hakuwa na ukurasa. Alikuwa ndani ya ukurasa wa mwingine, kama bidhaa.

Hilo ndilo swali lililo zito kuliko lile la mizani. Kipimo kilichopunjwa ni dhuluma baina ya watu wawili wanaotambuana kuwa watu, na sheria inaweza kuikamata. Daftari lililonyooka lakini limewaacha nje wanaolipa gharama halikamatiki, maana kwa kanuni zake lenyewe halina kosa. Mwenye duka wa tatu, aliyeifungia sukari, hakumwongopea mtu. Anayelipa faida yake ni mama aliyepunguza vijiko katika uji wa futari, naye haonekani popote katika jibu la shilingi 20,000.

Itasemwa kwamba mtihani hauwezi kusahihisha haya ya mtu. Ni kweli, na heri usijaribu. Mwanafunzi atakariri haya kama anavyokariri debiti na krediti, akapata alama zote na kubaki vile vile. Lakini mtihani waweza kuuliza maswali ambayo haya huanzia. Baada ya „tafuta faida”, liongezwe swali moja: fedha hizi zimetoka mfukoni mwa nani, naye alijua nini wakati wa kuzitoa? Na la pili: ni nani aliyehusika na biashara hii ambaye jina lake halimo humu? Maswali hayo yana majibu, yanaweza kujadiliwa darasani kwa lugha yoyote, na hayahitaji kipindi kingine wala kitabu kingine. Yanahitaji mwalimu asiyeona kwamba kazi imekwisha pale pande mbili zinapolingana.

Kijana aliyefundishwa hivyo huenda akatajirika, huenda asitajirike. Shule haina ahadi juu ya hilo. Ila siku atakapofungua duka na kuliandika daftari lake la kwanza, atajua kwamba kila mstari anaouandika una mtu ndani yake, na kwamba wapo wengine ambao wino wake haujawafikia.